Mashini Yenye Nilifunga na Soudure

Bandugu yangu bafundi ba huu mukutano, musinipigie makofi bado. Niko na kasirani, na ya kwanza iko juu yangu mi mwenyewe.

Munajua atelier yangu, fasi ninatumikia, kule mutaa wa Annexe. Mbele niliweka bâche, ile turubai, kusudi jirani yangu, soudeur wa kuunga vyuma sawa miye, asione namna ninatengeneza mashini ya kusaga mahindi. Nilisema, huyu ataniibia akili. Na sikuishia pale. Kila mashini ikiisha, nilifunga ma-boulons yote ya kukaza na soudure, chuma ya kuyeyusha na moto, muntu asiifungule aone ndani. Nikajiona mujanja.

Nikauzisha moja kwa mama mujane wa Mokambo. Kwa kusagia bantu mahindi, njo alipata chakula ya batoto yake. Kisha wiki tatu, ikaungua ndani, ikasimama. Bafundi ba kule bakaizunguluka, bakakosa pa kufungulia. Mama akaipandisha ku camion ya mizigo, akaishusha mbele ya atelier yangu, bantu bote banaangalia.

"Papa, ulificha nini mule? Batoto yangu banakula nini?"

Jirani akavuka barabara, sikumuita. Akaleta meuleuse yake ya kukata vyuma, akakata ile soudure yangu, akaangalia ndani kidogo tu.

"Ndugu, hii poulie ya kuzungusha mukanda iko kadogo. Mashini inakimbia kupita nguvu yake. Hata miye nilifanyaka ile kosa, kitambo."

Kitambo, bandugu. Munasikia? Nilikuwa nauzisha kosa kwa bantu, na mwenye kujua jibu anakunywa chai ng'ambo ya barabara. Hata leo nikiwaza vile, damu inachemuka.

Akaita tourneur wa mutaa wa Bel-Air, fundi wa kuchonga vyuma, huyu akachonga poulie mupya. Mama moja mwenye kufunga fil, zile waya za ndani ya ma-moteur, akatengeneza moteur yenye iliungua. Mashini ikarudia Mokambo. Tangu pale tunatumika sisi bane, na bafundi ba Mokambo banatuonyesha fasi yenye inavunjika. Mashini ya leo hakuna mwenye angeitengeneza peke yake.

Nashukuru jirani, tourneur, na mama wa ma-moteur. Zaidi nashukuru ule mujane, mwenye alinipatisha haya mbele ya bantu.

Lakini ninyi, munaimba ku mikutano kama kidole moja haivunje chawa, kisha kesho kila muntu anarudia kwake na kidole yake. Miye nilisha kulipa: jina yangu iliharibika. Ila ile wiki mashini ilisimama na batoto ba ule mujane balilala njaa, sina namna ya kubarudishia. Mwenye anaficha kazi yake hapa ndani, ajue kuko batoto banalala njaa juu yake.