Elisha Kurwa na Vidonge vya Kutwa

Ndugu wafiwa, majirani na nyote mliojaa uani hapa, marehemu Elisha Kurwa alizaliwa Mbweni tarehe 12 Machi 1924, akasoma skuli ya misheni hadi mwaka 1940, na mwaka 1943 akaanza kazi ya kutoa dawa, kwanza Chwaka, kisha hapa mjini, ambako tarehe 8 Juni 1946 alifunga ndoa na Bi Tabia, wakajaaliwa mtoto mmoja, Biasha, aliyeolewa Mombasa mwaka 1963, na baba hakumwona tena.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, wakubwa wake kazini wakiwa wameondoka, alikabidhiwa stoo ya dawa na wanafunzi thelathini wa kuwasomesha, akaomba kibali cha kwenda kumwona mwanawe mara tano, akaambiwa asubiri, akasubiri miaka saba, kisiwa kikawa kwake chumba kilichofungwa kwa nje, na pumu aliyozaliwa nayo ikazidi kumbana, hata ngazi za nyumba yake akawa hana pumzi ya kuzishuka.

Mwezi Septemba mwaka huu wa 1971 Biasha alimletea vidonge vipya vya pumu, ambavyo marehemu alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake kwamba vimetengenezwa viachie dawa kidogo kidogo kwa saa kumi na mbili, isimpungukie mgonjwa wala isimzidi, akivifananisha na mtungi wenye tundu dogo unaonywesha mche kutwa nzima, lakini ukiuvunja, maji yote humwagika mara moja na mche ukang'oka, kwa hiyo kidonge hicho humezwa kizima, hakisagwi wala hakitafunwi.

Sasa tuyaseme yale ambayo mtaa umeyasema vibaya. Alhamisi asubuhi, tarehe 14 Oktoba, koo la marehemu lilikuwa limevimba, hawezi kumeza, basi Bi Tabia akavisaga vidonge viwili katika kinu kidogo cha iliki, akavichanganya na asali, kama alivyomwona mumewe akiwasagia watoto wa jirani dawa zao miaka yote ya ndoa yao, akamlisha kwa kijiko, mgonjwa akiwa nusu usingizini, na marehemu alipozindukana kwa uchungu mdomoni akauliza dawa imetengenezwa vipi, mkewe akamwonyesha kinu, naye akajua dawa yote imeachiwa mara moja, akamshika mkono, maana moyo wake ulikuwa umeshaanza kumwenda mbio. Alifariki saa kumi alasiri.

Tangu hapo Bi Tabia hajatoka chumbani, hali, hanywi, na wapo waliosema bombani na sokoni kuwa mke kamuua mume. Waongo! Kabla ulimi haujawa mzito, marehemu alimwagiza mdogo wake Mjaka, ndiye mimi ninayewasomea, aseme mbele ya jeneza kwamba kosa ni lake yeye marehemu, kwani kinu kile ndiye aliyemzoesha mkewe, na aliwasomesha watu thelathini akamsahau mmoja wa nyumbani kwake.

Tunamshukuru daktari aliyekuja mbio bila kufunga viatu, Bi Mwatum na majirani wengine waliopika tangu juzi, na wafanyakazi wenzake wa stoo, ambao leo wamefunga kazi kwa ajili yake.

Kaka, pumzika, safari hii haikuombewa kibali. Nawe shemegi, unayesikiliza nyuma ya mlango, marehemu mwenyewe ameshakufungua, toka uje umzike mumeo.