Chokaa Juu ya Ufa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka mtu tuliyemwita Babu Chokaa. Alikuwa mtunzaji wa uwanja wetu wa zamani wa mpira. Aliutunza miaka thelathini na mmoja. Narudia, thelathini na mmoja.

Jina hilo walimpa wachezaji, maana yeye ndiye aliyechora mistari ya uwanja kwa chokaa. Akirudi nyumbani, nywele nyeupe, kope nyeupe. Mkewe anasema, "Siku ya harusi ndiyo siku pekee niliyomwona na rangi yake mwenyewe."

Lakini chokaa ile ilikuwa na kazi nyingine. Jukwaa la mashariki lina ufa, nyuma kabisa, kwenye ukuta unaotazama njia ya shule. Babu alipaka chokaa nzito juu ya ufa, akaandika tarehe kwa msumari. Chokaa ikikauka haivutiki. Ukuta ukisogea hata kidogo, inapasuka. Hivyo ndivyo alivyojua. Miaka saba alipaka, ikapasuka, akapaka pembeni yake. Ukuta mzima ukawa daftari lake.

Kisha ukarabati ukaja. Uwanja ugeuzwe kuwa ukumbi wa kisasa wa watu wote: maduka chini, viti vya rangi, mahali pa muziki. Jukwaa la mashariki libaki kwa ajili ya historia, na juu yake uongezwe mgahawa. Mafundi rangi walitangulia. Wakaona ukuta umejaa chokaa, wakadhani ni uchafu. Wakaikwangua yote. Wakapiga rangi ya maziwa, mara mbili.

Binti wa Babu alikuwa naye asubuhi ile, amembebea chai. Anasimulia: "Baba aliweka kiganja ukutani kama anayempima mtoto homa. Akasema, 'Mwanangu, wamenifuta.'"

Alimwendea injinia wa ukarabati. Kijana mstaarabu tu, wala hakumfokea. Akamuuliza, "Mzee wangu, ushahidi uko wapi?" Ushahidi ulikuwa kwenye pipa la taka.

Babu akaanza upya. Zilibaki siku kumi na tisa kufika ufunguzi. Alipaka chokaa juu ya rangi mpya, na kila asubuhi akaenda kuitazama. Kijiko kikigonga sahani, anashtuka. "Nikamtania," anasema mkewe, "'Wewe mzee, huo ukuta umeuoa?' Hakucheka. Akaniambia anausikia ukilia."

Siku ya sita chokaa ikapasuka. Siku ya sita tu, wasikilizaji. Ukucha ulipita kwenye mpasuko.

Babu akalifunga lango la jukwaa kwa kufuli lake mwenyewe, akakaa mbele yake juu ya ndoo. Msimamizi wa mafundi akapiga kelele, "Mzee, utatufukuzisha kazi!" Babu akamjibu, "Utapata nyingine. Kazi inataka mikono, na mikono yako leo utarudi nayo nyumbani." Wenzake wakacheka. Saa nne presha ikampanda, akaanguka palepale. Hospitali walimkuta amekunja ngumi. Ndani ya ngumi, ufunguo. Jioni hiyohiyo alifariki.

Siku ya pili ya msiba injinia alikuja kutoa pole. Akaomba na ufunguo. Mjane akamwambia, "Karibu, baba. Nenda kwanza ukakae chini ya ule ukuta, saa moja tu, kimya. Ukirudi nakupa."

Akaenda. Binti alimfuata kwa mbali. Kwanza alichezea simu. Kisha akaiweka mfukoni. Kisha akageuka, akabandika sikio ukutani. Dakika ishirini hazikufika. Alirudi mbio, uso umempauka, kichwa wazi. "Mama," akasema, "huo ufunguo kaa nao." Ufunguzi umeahirishwa. Kofia yake ngumu bado iko kule chini. Hakuna aliyeifuata.

Mama mjane, nawe binti yake, dada yetu, poleni sana. Mliondokewa na mtu aliyeogopa kwa niaba yetu sote. Nasi tulioko majumbani, tujiulize ni mara ngapi tumemwona mzee anapaka kitu ukutani, tukapita bila kumuuliza anapaka nini.

Na wazazi, nawasihi, watoto wapite barabara ya juu. Jana alasiri binti wa Babu alipaka chokaa mpya, akaandika tarehe kwa msumari uleule. Leo asubuhi, kabla sijafika studio, nilisimama mbali nikaitazama.

Imepasuka.