MaDlodlo na Mtoto Aliyesifiwa Adabu

Zipu ya begi ikivutwa polepole: hivyo ndivyo kila jioni ilivyoanza nyumbani kwa Gogo, yaani Bibi, Thokozile Nkala, MaDlodlo wetu kwa jina la ukoo wa baba yake. Alizaliwa Tsholotsho tarehe 14 Machi 1956, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na kuanzia 1981 hadi 2011 alipekua mizigo ya wanawake mpakani Plumtree. Mwaka 1979 aliolewa na marehemu Jabulani Nkala wa reli, baada ya kwenda mwenyewe kwao kuuliza kama hana mke mwingine. Hakuwa naye.

Alipostaafu, begi lililobaki kupekuliwa lilikuwa la mjukuu wake, Mthabisi. Mwaka 2022, mtoto akiwa darasa la kwanza, walimu walimsifu sana.

"Gogo, mmemlea," alisema Mwalimu Sibindi. "Akiongea na mkubwa hainui macho."

"Hata mimi haniangalii, na ndiye ninayemwogesha. Hiyo adabu gani?"

"Sasa Gogo, adabu nayo unailalamikia?"

"Nalalamikia penseli. Nimeinunua shule inafunguliwa, sasa Pasaka inakaribia, bado ndefu."

Siku iliyofuata alifika shuleni saa za masomo bila kubisha hodi. Mthabisi alikuwa kwenye bustani ya mwalimu mkuu, akimwagilia kabichi.

"Anafurahi huku, MaDlodlo," alisema mwalimu mkuu. "Darasani anaziba masikio, analia."

"Hata mbuzi wangu angefurahi huku. Mimi nilileta mwanafunzi."

Muuguzi mmoja Bulawayo ndiye aliyesema ni usonji. MaDlodlo alimsikiliza, kisha akaenda kumwuliza mwingine. Alirudi shuleni na masharti: mtoto akae mbali na kengele, aelekezwe jambo moja moja, na bustani basi. Waliahidi. Hakuwaamini, alihamishia kiti chake nyuma ya darasa, akishona, muhula baada ya muhula. Krismasi iliyopita Mthabisi alisoma Luka sura ya pili kanisani, Biblia mkononi, uso ameuelekeza ukutani, na Gogo alifuata kwa kidole katika Biblia yake, mstari kwa mstari, kuhakikisha haruki neno.

Figo zilianza kumsumbua Gogo Februari 2024. Mwalimu mkuu alimtembelea hospitalini na machungwa. "Usiwe na wasiwasi, MaDlodlo. Mtoto ni wetu sote." Gogo alimshukuru kwa mikono miwili. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni.

Ameacha binti yake Nomathemba, mdogo wake Sikhangele, na Mthabisi, sasa darasa la tatu. Mungu ampe pumziko ambalo mwenyewe hakujipa.

Siku ile ya machungwa, mwalimu mkuu alipotoka wodini, MaDlodlo alimvuta Nomathemba karibu, akamnong'oneza: "Mkishanizika, nenda shuleni. Usibishe hodi."