Mguu wa Mkwe Wangu na Jalada Gumu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na mlioko mbele, asifiwe na ninyi wa nyuma mnaoegemea ukuta kama hamkulala. Mchungaji amenisihi niwe mfupi nami nimemwahidi, ingawa mke wangu alipoisikia ahadi hiyo alicheka mpaka akashika nguzo.

Mnanifahamu. Mimi ni fundi cherehani pale Mwanga, nyuma ya soko. Shule ya jioni niliimaliza nikiwa na ndevu na watoto wawili, na siku ya kupewa cheti nilikipunga juu kama mtu anayeita meli. Wengine wamesimama hapa wakashuhudia jinsi Bwana alivyowafungua kutoka kwenye pombe na kamari. Mimi nilifungwa na vitabu vya katuni. Msicheke. Ngojeni kwanza.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alituambia tusome chochote kitakachopita mbele yetu, hata maandishi ya kwenye kiberiti. Nikamtii. Miaka ile mji wetu ulijaa magari meupe ya mashirika ya wakimbizi. Wageni walikuja na kuondoka, na kila aliyeondoka aliacha vitu: viatu, vyandarua, majiko, vitabu. Vitu hivyo viliishia kwenye meza ya Mzee Athumani, mfanyabiashara wa Ujiji aliyekuwa akiuza pale sokoni. Hapo ndipo nilipokiona. Kitabu kikubwa kama mlango wa banda la kuku, jalada gumu linalolia ukilifungua, na juu yake mtu mwenye joho la kijani na buti za njano anaruka juu ya maghorofa, kabeba behewa zima la treni kwa mkono mmoja, uso umetulia kama anabeba mkate.

Nilimbatiza jina Bwana Joho. Lile la Kiingereza sitalitamka madhabahuni.

"Hili ni toleo la maadhimisho," nilimsomea Mzee Athumani kwa sauti ya msomi. "Wamekusanya hadithi zake za zamani kabisa, wakazichapa upya kumwadhimisha."

"Maskini. Alikufa lini?"

"Hakufa, mzee. Ni mchoro."

"Sasa mchoro unaadhimishwa nini?"

Ndugu zangu, mpaka leo natafuta jibu. Lakini nilikibeba nyumbani.

Kumbe ilikuwa juzuu ya kwanza, na nyuma yake wameandika kwamba ziko sita. Hapo ndipo nilipopotea. Mtu akishajua ziko sita, moja haimtoshi tena, inamkodolea macho. Nikapata ya pili. Nikapata ya tano, kisha ya nne, kisha ya sita. Ya tatu ikagoma. Nilimsumbua Mzee Athumani mpaka akawa akiniona nakuja anajifanya anaswali. Mara moja akaniletea kitabu kimefungwa gazeti, nikakifungua: juzuu ya kwanza tena, hadithi zilezile, behewa lilelile, ila jalada limebadilishwa rangi, kwa sababu maadhimisho nayo yamefanyiwa maadhimisho. Na nikakichukua! Hapo ndipo mjue nilikuwa mgonjwa.

Nyumbani kwetu ni chumba na sebule. Nilipigilia rafu ukutani mahali ambapo kitanda cha wageni kingekaa, nikavifunga vitabu vyangu nailoni kimoja kimoja kama maiti za wafalme. Kuanzia siku hiyo sikupata amani. Mchwa wa Kigoma, ambao wameacha miti yote ya mkoa huu, walikuja kwangu. Watoto walitaka kushika wakiwa na mikono ya mawese. Siku moja narudi nikakuta juzuu ya nne imekaa juu ya sufuria ya maharage, mvuke unatoka pembeni.

"Mama Zawadi, hiki ni nini?"

"Si wewe mwenyewe unasema kila siku ni jalada? Jalada si kifuniko?" mke wangu akanijibu bila kugeuka. "Tena linafunika vizuri. Ya nne ndiyo saizi yake."

Nilitoka nje nikaongea na nguzo ya umeme mpaka hasira zikapoa.

Na kanisa nalo, mnisamehe, halikunisaidia. Mzee wetu wa kanisa, Mzee Yona, alikuja kunitembelea, akamwona Bwana Joho anaruka juu ya nyumba za watu waliolala. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Fundi, huyu anaruka usiku?"

"Usiku na mchana, mzee."

"Bila ungo?"

"Bila ungo."

"Basi huyu ni mkubwa wao," akasema, akaomba kwa saa ambazo mwanangu Zawadi alizitumia kulala, kuamka na kulala tena. Nilijaribu kumweleza kwamba ni shujaa, anaokoa watu. Akaniuliza, mbona anaficha uso? Mtu mwema anaficha uso wa nini? Shule ya jioni haikufika huko.

Lakini hayo yote yalikuwa ya kuchekesha. Sasa nisikilizeni.

Mama yake Mama Zawadi alikuwa anakaa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Jina lake sitalitaja. Ni mkwe wangu. Vita vilipofika kijijini kwao, habari zikakatika. Boti zilikuwa zinaingia Kibirizi zimejaa watu mpaka maji yanachungulia ndani, na mke wangu akawa kila asubuhi anakwenda kusimama pale mchangani kutazama nyuso. Anarudi mchana, anapika. Kesho anakwenda tena. Mimi ndiye mume, ndugu zangu, na sikujua la kufanya, kwa hiyo nilifungua nailoni nikasoma. Kwenye vile vitabu hakuna anayengoja. Mama akilia tu, Bwana Joho anasikia akiwa bara jingine, anakata mawingu, anafika kabla chozi halijadondoka.

Siku moja mke wangu alisimama nyuma yangu, harufu ya ziwa kwenye kanga yake. Akanyoosha kidole juu ya picha.

"Huyu mtu wako anayesikia kila kitu. Kwetu hajawahi kupita?"

Nikakifunga kitabu. Nilikasirika, ndugu zangu, si kidogo. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Bwana Joho, na nilipopiga magoti nikagundua kwamba niliyemkasirikia hasa ni Mungu. Nikamwambia waziwazi: Bwana, huyu wa kwenye karatasi anafika. Wewe uko wapi? Tuma mtu. Sikuomba kwa unyenyekevu. Niliomba kama mteja ambaye suti yake haijaisha na harusi ni leo.

Sasa kulikuwa na ofisa mmoja wa serikali, Bwana Temba, aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, akikaa Bangwe karibu na maji. Nilimshonea suruali, na wakati wa kumpima akaniambia ana kitabu fulani cha katuni, kikubwa, jalada gumu, hajui hata kilifikaje sandukuni mwake. Ya tatu! Tukakubaliana: mimi nimpe suruali bila malipo, yeye anipe kitabu. Asubuhi yake mke wangu akaelekea Kibirizi kama kawaida, mimi nikaelekea Bangwe na futi yangu ya kupimia nguo shingoni.

Nilitoka kwa Bwana Temba nimekikumbatia. Kilikuwa kipya kama hakijawahi kuguswa. Nilisema moyoni: sasa zimetimia. Hapo ndipo niliposikia kelele ufukweni.

Upepo ulikuwa umeisukuma boti moja mbali na Kibirizi ikaja kujibamiza kwenye mawe ya Bangwe. Watu walikuwa wanarukia majini. Nikashuka mbio, na katikati ya mizigo na watoto waliolowa nikasikia mtu ananiita.

"Baba Zawadi."

Mkwe wangu. Amekaa juu ya jiwe, mguu mmoja chini ya goti umepinda pale ambapo mguu haupindi. Alikuwa ameruka kutoka kwenye boti akateleza kwenye jiwe.

Mnajua desturi yetu, hata kama vijana mnajifanya hamjui. Mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, hakai naye mkeka mmoja, hata kumtazama usoni anatazama kwa vipande. Siku ya harusi yangu nilimwamkia nikiwa nimetazama ndoo. Na binti yake, ambaye angeweza kumshika, yuko Kibirizi, upande wa pili wa mji, anatazama nyuso za watu wengine.

Mama mmoja aliyekuja na boti hiyo, aliyesema alikuwa mkunga kwao, akaukagua ule mguu. "Umevunjika. Ukimbeba hivi mfupa utatoka nje na mguu ataupoteza. Nipeni kitu kigumu kilichonyooka." Watu wakatafuta. Lakini wakimbizi walikuwa wamepika kwenye ufukwe ule wiki nzima, kila kijiti kimekwisha kuwa kuni. Mwenye boti makasia hatoi. Mkunga akazungusha macho, macho yakasimama kifuani kwangu.

"Hicho."

Nikasema, "Hiki ni kitabu."

"Ni kigumu?"

Ndugu zangu, niliwaza kusema hapana. Mungu ananisikia. Niliwaza, labda kuna ubao kwa Bwana Temba, ngoja nipande nikaulize. Mkwe wangu alikuwa ameuma ncha ya kitenge chake na kulitazama ziwa, kwa heshima, asinitazame mimi.

Nikakifungua katikati, nikazing'oa kurasa. Zililia, na mimi nililia nazo, sitawadanganya. Hadithi zote za juzuu ya tatu ambazo sikuwa nimesoma hata mstari zikawa pamba ya kutandika. Mkunga akauinua mguu, mimi nikapitisha jalada chini yake, uti wa kitabu nyuma ya muundi, upande mmoja huku na upande mwingine huku, kama mkunjo wa suruali. Lilienda kutoka chini ya goti mpaka kisigino, kwa sababu mkwe wangu ni mfupi, na Mungu alilijua hilo tangu zamani.

Nilipovua futi shingoni nimfunge, akashtuka. "Mkwe, usinishike."

"Sikushiki, mama. Nashika kitabu."

Akafikiri kidogo. "Haya. Shika kitabu."

Nikafunga, nikakaza, nikapiga fundo la fundi. Kidole changu hakikumgusa, na mkunga yule ni shahidi. Mkwe wangu ndipo alipoinamisha kichwa akaona nini kimemkumbatia mguu: Bwana Joho, buti za njano, anakata mawingu.

"Huyu njo nani?" akauliza kwa Kiswahili chao cha Kongo.

"Ni mtu wa hadithi, mama. Anaokoa watu."

Akazigusa zile buti za njano kwa kidole. "Alikuwaka wapi tulipopiga kasia?"

Na hapo hapo, ndugu zangu, kitu kilinitoka. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa majini na suruali yangu ya kazi. Nilikuwa nimemsukumia Mungu swali lilelile kwa hasira, na sasa naulizwa mimi, futi yangu imefungwa mguuni mwa mkwe, kurasa zinaelea ziwani. Nilikuwa nimeomba atumwe mtu. Sikuwa nimesema mtu huyo asiwe mimi.

Tukambeba kwenye mlango wa nyumba ya Bwana Temba, ambao aliung'oa mwenyewe, Mungu ambariki. Hospitalini daktari alifungua futi, akaligeuza jalada, akasema aliyefunga hivi amesomea wapi. Nikamwambia, shule ya jioni. Mke wangu alikuja mbio kutoka Kibirizi bila kiatu kimoja. Alipomwona mama yake alikaa chini sakafuni akaushika ule mguu mwingine usiovunjika, akaushikilia, na mimi nikatoka nje, kwa sababu yako mambo ambayo hata mume anatoka nje.

Taratibu za wakimbizi zilifuatwa, akaruhusiwa kukaa kwetu mpaka apone. Kitanda kingekaa wapi? Nikaing'oa rafu. Vitabu nilivitoa nailoni nikavipanga chini ya godoro upande wa miguu, mguu wake uinuke kama daktari alivyoagiza. Nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu nionane na meza ya Mzee Athumani.

Je, nimefunguliwa kabisa? Mimi ndiyo. Ila mkwe wangu, kwa kukaa kitandani hana kazi, akaanza kuvichomoa kimoja kimoja. Analamba kidole, anafungua, anawasimulia wajukuu picha kwa Kiswahili cha Kongo, na Bwana Joho kwake anauza samaki na ana wake wawili. Jalada la tano lina alama za mawese mpaka sura yake haionekani. Na sasa anamtuma mke wangu aniulize: ya tatu ilisemaje? Aliachana vipi na yule mwanamke wa ya pili? Nami natakiwa nijibu. Kitabu ulikivaa, mama, nasema moyoni.

Ndugu zangu, ninamaliza. Mchungaji ameshatazama saa mara nyingi. Kama umeomba na umechoka, kama umesimama ufukweni mwako kila asubuhi unatazama nyuso, mwamini huyu Mungu. Hafiki na joho. Anaweza kumtuma hata fundi aliyekuwa anakimbilia jambo lake la kipuuzi.

Mkwe wangu yuko pale mlangoni. Amekataa fimbo, amesema ataingia kwa miguu yake mpaka mbele hapa aseme asante kwa mdomo wake. Mimi ni mkwe, siwezi kusimama namkodolea macho mguu. Naigeukia madhabahu. Ninyi geukeni nyuma mumtazame kwa niaba yangu, kisha mniambie anatembeaje.