Historia ya Beverly Awinja, Aliyekataliwa Dawa na Mwili Wake

Wachungaji, wazee wa ukoo, na nyinyi nyote mliofika hapa Musanda, mimi ni Ignatius, kaka yake Beverly, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Beverly Awinja alizaliwa tarehe 9 Machi 1987 mtaani Shieywe, Kakamega, akiwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Lazarus Osundwa na Mama Nabwire, akamaliza shule ya upili mwaka 2005, akasomea ushonaji, na mwaka 2008 akafungua duka sokoni, ambapo alishona sare za shule na kumgombeza yeyote aliyemletea kitambaa kibovu.

Tarehe 17 Desemba 2011 alifunga ndoa kanisani na Philip Sifuna wa boma hili, na Mungu akawajalia Mitchel mwaka 2013 na Andati mwaka 2016.

Mwaka 2021 ngozi yake ilianza kuvimba mabaka yenye kuwasha, yakipotea na kurudi, mara nyingine midomo ikivimba pia, hadi mwaka 2023 daktari alipomwanzishia sindano za kingamwili, yaani protini za kinga zilizotengenezwa maabara ili kutuliza ugonjwa, na kwa miezi kadhaa alipata usingizi, akarudi kwenye cherehani, nasi tukashangilia mapema mno. Kisha mabaka yalirudi, na vipimo vikaonyesha kwamba mwili wake ulikuwa umetengeneza kingamwili za kupigana na zile za sindano, jambo ambalo daktari alisema huwapata watu wachache. Jumanne tarehe 4 Novemba 2025 koo lake lilivimba, akakata roho njiani kuelekea hospitalini, na mimi bado sijaamini.

Najua kwetu kifo hutafutiwa mwenyewe, na jana watu wa upande wetu waliingia hapa wakimtaja mama mkwe wake, Mama Adhiambo, eti alikuwa akimpaka vitu mwilini, ilhali yalikuwa maji baridi na kitambaa safi, na Beverly mwenyewe aliniomba, akiwa hai na akili timamu, nisome ugonjwa wake waziwazi ili mama huyu asisingiziwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Shieywe, na mafundi wenzake wa sokoni waliomshonea nguo pana aliyovaa leo, isiyombana popote. Mama Adhiambo, uliyejifungia jikoni tangu jana, familia ya Osundwa inakuomba msamaha mbele ya watu, toka uje ukae hapa kwenye jeneza, maana sisi wengine tulikuja kumwona, wewe ndiye uliyemuuguza.

Pumzika sasa, Awinja, ngozi haikuwashi tena.