Saa ya Hesabu, Darasa la Tatu

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa stoo iliyofungwa miaka mingi, ng'ambo ya barabara kutoka shule ya msingi. Mwisho mmoja wa benchi nipo mimi na meza yangu ya kushonea viatu. Mwisho wa pili yupo Shangazi, na birika lake la kahawa na ndoo ya kuoshea vikombe. Si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini hata waliomzidi umri wanamwita hivyo. Katikati ndiyo wanakaa wasemaji. Na niseme mapema: kwa wiki tatu zile walinichosha. Mtu anayeshona kiatu hawezi kuziba masikio, maana mikono yote miwili ina kazi.

Habari yenyewe ilikuwa ya binti wa Rangi. Rangi ni mpaka rangi wa nyumba, mtu mpole, kucha zake hazijawahi kuwa na rangi moja. Binti yake ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Tulimjua kwa kumwona: akipita na mama yake hutembea akigusa ukuta kwa vidole, tofali kwa tofali. Ukimsalimia hakuangalii, lakini kesho yake anaweza kukuambia jana ulivaa shati gani na kifungo kipi kilikosekana.

Darasani mambo yalikuwa mabaya. Wenzake wakianza kuimba jedwali la kuzidisha kwa sauti moja, yeye huziba masikio na kuingia chini ya dawati. Siku nyingine hupiga kelele mpaka sauti imkauke. Mama yake alimpeleka hospitali mara nne. Mara ya nne daktari aliandika kwamba mtoto ana usonji: haukuambukizwa na mtu, haukuletwa na malezi mabaya, ni ubongo unaofanya kazi kwa namna yake. Asome na wenzake, daktari akaandika, ila apewe mahali patulivu na maelekezo mafupi, moja baada ya jingine.

Mwalimu mkuu aliisoma barua ile, akaitia kwenye droo, akaandika ya kwake: mtoto atafutiwe shule maalumu. Shule maalumu ilipomwona ikasema huyu anasoma vizuri, arudi shule ya kawaida. Mama wa watu akapigwa danadana hivyo mwaka mzima, bahasha mkononi. Kisha ikaja barua nyingine: kuanzia mwisho wa mwezi mtoto abaki nyumbani, hadi "utaratibu utakapopatikana". Rangi alituletea barua hiyo benchini akatusomea mara mbili, kama mtu anayetafuta neno alilolipitia bila kuliona.

Basi hapo benchi lilipata kazi.

Wa kwanza kulidaka jambo hilo alikuwa Wakili. Wakili hajasoma sheria. Aliwahi kushinda kesi moja ya mpaka wa kiwanja, na tangu siku hiyo hakuna jambo asilolipeleka mahakamani, akiwa amekaa. Alisema hapa kuna kesi tatu. Shule ishtakiwe, hospitali iunganishwe, na kile kibao cha getini kiletwe kama kidhibiti, kwa sababu kimeandikwa "Tunawapokea Watoto Wote".

– Kibao hicho nimekiandika mimi, Rangi akasema. Mwalimu mkuu alinipa maneno kwenye karatasi.

– Basi wewe ni shahidi namba moja, Wakili akamwambia.

Dereva hakukubali. Huyu ameendesha malori miaka thelathini, na kila kitu duniani kwake ni injini. Kwa maoni yake mtoto alikuwa mzima ila masikio yanavuta sauti kupita kiasi, sawa na injini inayovuta mafuta mengi, na dawa yake ni kumzoesha: awekwe karibu na mashine ya kusaga kila siku mpaka masikio yakubali. Siku ya pili aliachana na masikio, akahamia kwenye simu za mikononi. Siku ya tatu ilikuwa ni chaki, kwamba chaki za siku hizi si zile za zamani. Kila nadharia aliitetea kana kwamba ile ya jana ilisemwa na mtu mwingine.

Alipofika wiki ya pili akatoa ile iliyonikera kuliko zote. Alisema zama zetu watoto wa namna hii hawakuwepo. Darasa lao lilikuwa na watoto sitini na wote walikaa wima.

Shangazi alikuwa anasuuza vikombe. Kwa kawaida haingilii; akikuuliza kama unaongeza kikombe, umepata hotuba yake ya siku.

– Walikuwepo, alisema. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa ndani, ndiyo maana hukumwona.

Nilidhani neno lile limemaliza mjadala. Halikumaliza kitu. Baada ya kikombe kimoja Wakili alikuwa anaeleza jinsi ya kumshtaki waziri.

Na wiki zote hizo Rangi alikuwa anasikiliza. Hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anaitikia kila nadharia kwa kichwa, masikio, simu, chaki, mahakama, na jioni anazibeba kwenda nazo nyumbani kwa mkewe. Siku moja alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua mashine ya kusaga isiyo na vumbi sana. Nilimwambia aachane na Dereva. Lakini sikumwambia afanye nini, maana na mimi sikujua.

Siku chache kabla mwezi haujaisha, saa kumi alasiri, alikuja mwanamke mmoja amebeba kiatu mkononi. Soli ilikuwa imeachia mbele yote. Nikampa kigoda na kipande cha boksi cha kuweka mguu mtupu, nikaanza kazi. Walimu hupita mbele yetu kila siku, na wengine hapo husema wanawajua. Mimi wapita njia nawajua kwa viatu, na kile sikuwahi kukishona.

Wakili alikuwa katikati ya maelezo yake. Sasa alikuwa amegundua orodha. Mwalimu wa darasa la tatu, alisema, ana orodha ya siri ya watoto wanaoshusha wastani wa darasa, na anawaondoa mmoja mmoja kabla ya mtihani. Dereva akaongeza kwamba orodha hiyo haiishii shuleni, inapelekwa juu, na huko juu kuna watu wanaipokea kwa furaha. Wakili akasema mwalimu wa namna hiyo hana mtoto wala huruma, na kama angekuwa mbele yake angemuuliza swali moja tu.

– Niulize, yule mwanamke akasema. Mwalimu huyo ni mimi.

Gundi ilinimwagikia kidoleni. Wakili alitazama kikombe chake kana kwamba swali lilikuwa limeandikwa humo. Dereva alikumbuka kufunga kifungo cha shati.

Mwalimu hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilishakwisha nguvu kabla ya kufika kwetu. Aliuliza nani pale ni baba wa mtoto. Rangi akainua mkono kama mwanafunzi.

– Nimemfundisha mwanao miezi saba, mwalimu akamwambia. Leo ndiyo nakuona.

Rangi akasema mambo ya shule yako kwa mama yake.

– Najua. Yeye namwona. Yeye na bahasha zake.

Kisha akatueleza, mguu mmoja juu ya boksi. Ana watoto themanini na mmoja. Watatu watatu kwenye dawati, na waliobaki chini. Kuhusu watoto wenye mahitaji maalumu alipewa semina ya siku mbili na cheti, kitabu kikaahidiwa na bado kinaahidiwa. Barua ya kumwondoa mtoto aliletewa aitie saini akakataa, ndiyo maana ilikuja na saini moja. Binti wa Rangi, alisema, anasoma kuliko darasa zima. Ukimwambia fungua daftari, andika tarehe, chora mstari, atabaki kwenye daftari. Ukimwambia moja moja, atafanya yote na mstari wake utanyooka kuliko wa mwalimu. Shida kubwa ni saa ya hesabu. Mara mbili, nyimbo zilipoanza, alimtoa nje hadi varandani akampa hesabu zile zile kwenye karatasi, na akamaliza kabla ya waliokuwa ndani. Mara zote mbili alirudi akakuta wale themanini wamepanda madirisha.

– Siwezi kuwa varandani na niwe ndani, alisema.

Aliomba msaidizi, akaambiwa hakuna fungu. Lakini kwa kubishana sana alipata kitu kimoja kwa mwalimu mkuu. Akipatikana mzazi au jirani wa kukaa na mtoto varandani saa ya hesabu, ile barua itawekwa pembeni muhula mzima.

– Ni saa moja. Saa tatu mpaka saa nne asubuhi. Hata kama hajui hesabu, akae tu, amwambie jambo moja, angoje, amwambie la pili. Nyie nikipita asubuhi mpo hapa. Nikipita jioni mpo hapa.

Akatuangalia mmoja mmoja.

– Nani kati yenu ana saa moja?

Dereva alikuwa wa kwanza kupata goti: goti lake halipendi kukaa kwenye sakafu. Wakili alikuwa anasubiri kupigiwa simu na mtu, siku hizi zote, asubuhi hasa. Mimi niliinamia kiatu, nikapiga mshono ambao haukuhitajika. Rangi alisema, kwa sauti ya mtu anayesikia maneno yake mwenyewe, kwamba ana dari la kumaliza, na mwenye nyumba anamsukuma.

Mwalimu alivaa kiatu chake, akakanyaga mara mbili kukijaribu, akashukuru, akaaga. Rangi aliondoka nyuma yake kidogo, upande mwingine. Hakuonekana kesho yake, wala keshokutwa.

Asubuhi baada ya mwalimu kuja, Shangazi alituchemshia kahawa kama kawaida, akatugawia. Saa tatu kasoro dakika kumi alizima jiko, akafunika birika kwa kitambaa, akafunga mtandio vizuri.

– Narudi saa nne, alisema, akavuka barabara.

Tulimwona akiongea na mlinzi, akaingia. Nilitazamia waliobaki wataona haya. Dereva akasema huku ni kuwatupa wateja. Wakili akasema mtu akifungua biashara ameingia mkataba na umma, hawezi kufunga katikati ya saa za kazi. Walibishana saa nzima kuhusu kahawa, midomo mikavu, na hawakumtaja mtoto hata mara moja. Siku ya pili, hivyo hivyo. Siku ya tatu Dereva alikuja na chupa yake ya chai.

Shangazi hakusimulia mengi. Nilimvuta maneno kidogo kidogo. Siku ya kwanza mtoto hakumtazama na hakuandika chochote. Alikaa ameupa ukuta uso. Shangazi naye akakaa. Siku ya pili aliandika hesabu nne. Siku ya tatu alimaliza zote kumi na mbili, kisha akamwambia Shangazi kwamba ile saba yake ameiandika vibaya.

– Ilikuwa vibaya kweli? nikamuuliza.

– Sana. Mimi niliacha shule darasa la pili. Nilibaki nyumbani na kaka.

Alisema hivyo akaenda kuchochea jiko.

Jumatatu Rangi alitokea. Ilikuwa saa tatu na dakika chache, ndoo ya rangi mkononi, anaelekea kwenye dari lake. Alikaa akaomba kahawa bila kumwangalia mtu. Nikamwambia hakuna, mpaka saa nne. Akauliza kama Shangazi anaumwa.

– Yuko varandani na mwanao, nikasema. Leo siku ya nne.

Kutoka ng'ambo, watoto walikuwa wameanza kuimba mara mbili, mara tatu, wale themanini, sauti ikipanda juu ya ukuta. Rangi alisikiliza mpaka wakafika mara sita. Akaisukuma ndoo yake chini ya meza yangu, akafuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, ingawa ilikuwa mikavu.

– Darasa la tatu ni mlango upi? akauliza.

Nikamwangalia Dereva, ambaye watoto wake wanne wamesoma pale. Dereva akamwangalia Wakili, mwenye wawili. Wakili akaniangalia mimi. Watatu wangu wamepita shule ile, na wa mwisho bado yumo.

Hakuna kati yetu aliyeujua mlango huo. Rangi akavuka barabara, akaenda kumuuliza mlinzi.