Kifaa Namba Nne

Saa tatu na robo asubuhi ya Jumanne, kifaa namba nne cha watafiti wa serikali kilikuwa chini ya benchi la kahawa, ndani ya mfuko wa zana, kimeviringishwa kwa shati kuukuu. Mwenye mfuko alikuwa Nguzo, fundi wa magogo yanayoshikilia dari ya mgodi, na alikuwa ameubana kwa kisigino cha buti kana kwamba mfuko una miguu. Benchi lenyewe liko njia panda, hatua mia mbili kutoka mdomo wa mgodi. Mama wa kahawa huteleka birika lake hapo mapema, na waliotoka zamu hukutana na wanaosubiri yao, wakamaliza mambo ya dunia. Asubuhi hiyo walikuwa wanamaliza ya watafiti.

Watafiti walikuwa na wiki mbili pale. Walipima vumbi, wakapima joto, wakamuuliza kila mtu anakohoa mara ngapi kwa siku. Mwisho walifunga vifaa sita chini, kila kimoja kati ya gogo na dari. Ni kopo la mviringo, lina mshale, mistari na rangi tatu: kijani, njano, nyekundu. Kazi yake ilielezwa kwenye mkutano wa asubuhi. Nusu ya benchi haikwenda mkutanoni, na nusu iliyokwenda ilisinzia.

Aliyekuwa anaeleza sasa ni Redio, mwendesha winchi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyewahi kupata kitufe cha kumzimia.

— Usalama, usalama, wewe unaamini? Vile vinatafuta dhahabu. Mshale ukipanda, ujue dhahabu iko jirani. Ingekuwa usalama wangefunga kimoja chooni, maana choo ndicho kinachoinama.

— Dhahabu wanaipima kwingine, alisema Vumbi, mponda mawe, huku akishusha kikombe. — Mimi walinipulizisha kwenye bomba mara tatu. Wakaandika, wakatazamana, wakatikisa kichwa. Mtu hatikisi kichwa namna ile kwa kitu kisicho na thamani.

— Una maana gani?

— Miaka kumi na moja naponda mawe bila kitambaa puani. Vumbi lote hilo limekwenda wapi? Haba na haba hujaza kibaba. Kaka, mimi ni akiba ya taifa.

Mama wa kahawa alimwambia basi akohoe taratibu, asije akaimwaga akiba kwenye vikombe vya watu.

Nguzo alicheka kwa kuchelewa. Kwa kawaida ndiye aliyekuwa wa kwanza kumchokoza Vumbi, lakini mawazo yake yalikuwa bado chini, kwenye gogo la kumi na saba.

Kila alfajiri, kabla zamu yoyote haijaingia, yeye hushuka peke yake na nyundo. Hupiga gogo moja moja kwa mgongo wa nyundo, akaegesha sikio. Gogo lililo salama hulia kavu. Lililoelemewa huguna. Likikaribia kuvunjika huanza kulia lenyewe bila kuguswa, na hapo hata mwenye mguu mbovu hutimua mbio. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake mdogo, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna gogo lake lililomwangukia mtu. Alfajiri ya leo, ndani ya chumba cha pili, gogo la kumi na saba lililia kavu. Lakini juu yake mshale wa kifaa namba nne ulikuwa umeingia kwenye njano.

Alilipiga tena. Kavu. Akautazama mshale. Njano.

Alijiona kama mtu anayesemwa vibaya sebuleni kwake, tena na mgeni wa wiki mbili. Msimamizi angepita, angeona njano, na kufikia mchana mgodi mzima ungekuwa unasema magogo ya Nguzo yamechoka. Akatoa bisibisi.

Asubuhi chumba cha pili huwa hakina watu. Zamu yake huingia saa nane mchana, watu kumi na mmoja, na wa saba kwenye orodha alikuwa mume wa binti yake. Nguzo alikuwa amejiambia mara kadhaa, tangu alfajiri, kwamba gogo halijaguna.

Redio alikuwa ameshafika kwenye habari mpya. Kifaa kimoja hakionekani. Mtafiti, yule binti wa kofia nyeupe, ameshuka na kupanda mara mbili, na uso wake si wa mtu aliyekunywa chai.

— Wamekichukua wenyewe, alisema Vumbi. — Kimeshaona walichotaka.

— Hapana. Kimeondoka na mwamba. Dhahabu haipendi kutazamwa, inahama. Imehama nacho. Kesho utasikia kimeonekana upande wa pili wa mlima.

— Dhahabu ina miguu?

— Mbona wewe unayo kifuani na unatembea nayo?

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Redio aliinua kidole, kwa kuwa kicheko huwa humletea methali.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, kwa sauti ya kuhitimisha. Alikuwa na maana ya serikali. Nguzo aliuvuta mfuko karibu zaidi.

— Lakini Nguzo ndiye anayeingia wa kwanza, Vumbi alikumbuka. — Mzee, hukukiona leo?

— Mimi nilitazama magogo yangu.

— Na yanasemaje?

— Yanakusalimu.

Wakacheka tena, na mada ikahamia kwenye uwezekano wa kuuvuta mlima mzima kwa sumaku, jambo ambalo Redio alidai winchi yake ingeliweza kama wangempa kamba mpya.

Mtafiti alifika wakati kamba hiyo inapimwa urefu. Alikuwa na kofia kwapani na daftari mkononi, magoti yamejaa tope. Aliwaamkia wote shikamooni, akaitikiwa, akasogezewa nafasi na kumiminiwa kikombe.  Kisha Redio, kwa adabu ambayo haikuzoeleka kwake, akamuuliza kama ni kweli vile vikopo vinanusa madini.

Binti hakucheka. Alieleza kwamba havinusi chochote. Dari ikishuka kwa unene wa ukucha, mshale unapanda mstari mmoja. Kazi ya kifaa imeishia hapo. Redio alimsikiliza kwa masikitiko ya mtu aliyenyang'anywa mlima.

— Sikuja kumtafuta mtu, alisema binti. — Kifaa kingine ninacho. Shida ni kwamba ukikifungua, mshale unarudi sifuri. Hata nikikipata sasa hivi, hakitaniambia kitu. Ninachoomba ni mtu aliyekiona mwisho aniambie mshale ulikuwa wapi. Jana jioni niliuacha mstari wa pili, kijani.

Vumbi alitazama kahawa yake. Mama wa kahawa alipangusa kikombe kilichokuwa kikavu. Nguzo alihesabu saa zilizobaki hadi saa nane, akamwona mawazoni mkwe wake akivaa buti mlangoni, bintiye akimshikia taa ya kofia.

— Mstari wa tano, alisema.

Wakamgeukia.

— Njano, binti. Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mstari wa tano.

Aliinama, akafungua mfuko, akakunjua shati na kuweka kifaa namba nne juu ya benchi, kati ya vikombe. Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Redio alisogea pembeni kidogo, kama anayepisha mgonjwa.

— Gogo lilikuwa kavu, alisema Nguzo. — Nililipiga mara mbili. Magogo yangu nayajua.

— Nakuamini, mzee. Gogo huguna likishaelemewa. Hiki husema mzigo ukiwa bado njiani.

— Nilidhani kinanisema mimi.

— Kilikuwa kinaisema dari.

Nguzo aliitikia kwa kichwa. Binti alifungua daftari, akaandika tano na saa, akaitazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa inakaribia saa nne.

— Jana jioni mbili, alfajiri tano, alisema. — Je, sasa hivi ungekuwa kwenye ngapi?

  Vumbi alianza kusema haba na haba, akakatizwa na kikohozi. Mama wa kahawa alimtazama Nguzo, na Nguzo akamtazama yule binti, maana swali lilikuwa jepesi na yeye ndiye aliyeliondolea jibu.

— Nikuonyeshe njia fupi, alisema, akainuka na mfuko wake.

Saa nne na dakika ishirini walifunga kifaa namba nne kwenye gogo la kwanza la chumba cha pili, lile la mlangoni, wakiwa wamesimama nje ya chumba. Nguzo ndiye aliyekaza skrubu. Mshale ulianza sifuri.

Saa saba msimamizi alishuka kuusoma akiwa na mashahidi wawili. Ulikuwa mstari wa tatu. Aliandika kwenye ubao wa mgodi kwamba chumba cha pili kimefungwa, na chini yake Nguzo akaandika mwenyewe, kwa chaki, kwamba namba nne aliing'oa yeye alfajiri.

Saa nane king'ora kililia. Watu kumi na mmoja wa chumba cha pili walibaki juu, wakapewa kazi ya kupanga mawe. Mkwe wa Nguzo alikuwa wa saba kwenye mstari.